Jua lipo tele, mbona miguu ya watoto inapinda?

Jua linawaka Dar es Salaam, Mombasa na Kampala karibu mwaka mzima. Mzazi wa miji hii akiambiwa kliniki kwamba mtoto wake ana upungufu wa vitamini D, vitamini ambayo mwili huitengeneza wenyewe kwa msaada wa jua, kitu cha kwanza kinachomjia ni mshangao. Jua lote hili?

Swali ni la haki. Jibu lake linaanzia kwenye ratiba ya mtoto.

Chukua nyumba ya kawaida ya mjini, ghorofa ya tatu, wazazi wote wanafanya kazi. Mdogo wa mwaka mmoja na nusu anaamka, anaoga, anakunywa uji, kisha anakaa sebuleni na dada wa kazi mbele ya televisheni. Dirisha limefungwa kwa sababu ya vumbi na pazia limeshushwa kwa sababu ya joto. Nje kuna bodaboda, kuna mitaro, kuna watu wasiofahamika, hivyo geti halifunguliwi. Kaka yake wa miaka saba anapanda basi la shule kabla hakujapambazuka na kurudi jua linazama, amevaa sare na soksi za kufika magotini. Jumamosi ana masomo ya ziada. Watoto hawa wawili wanaishi katika nchi ya jua, lakini jua lenyewe haliwagusi ngozi.

Mwaka 2020 jarida la kitabibu la The Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za vitamini D kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopimwa alikuwa na kiwango cha chini ya nanomoli 50 kwa lita moja ya damu, kiwango ambacho wataalamu wengi hukitumia kama mpaka wa kutosha. Karibu 1 kati ya 5 alikuwa chini ya 30, hali inayohatarisha mifupa. Waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ni wanawake, watoto wachanga na wakazi wa mijini.

Linganisha na Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania. Watafiti waliowapima damu na kuchapisha matokeo mwaka 2012 walikuta wastani wa nanomoli 115, zaidi ya mara mbili ya mpaka ule. Hawakuwa wakimeza vidonge vyovyote. Ngozi yao ni nyeusi kama ya jirani zao wa mjini, ila wao hushinda nje tangu asubuhi.

Nairobi nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia matege kwa watoto wa makazi duni na kuyaita tatizo linalozuilika lakini limepuuzwa. Huko hakuna ghorofa wala basi la shule, ila nyumba za mabati zimebanana kiasi kwamba mwanga haufiki chini, na mama anayekwenda kibaruani humwacha mtoto ndani ya chumba kimoja mpaka jioni. Tajiri na maskini wa mjini wanajikuta katika hali moja kwa njia mbili tofauti.

Ugonjwa wa miji ya moshi

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Ulaya iliwahi kuuita ugonjwa wa Waingereza, na katika karne ya 19 miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi wa makaa ya mawe na vichochoro visivyoona jua, na watoto wenye miguu iliyopinda walionekana kila mtaa. Mwaka 1890 daktari mmoja Mwingereza, Theobald Palm, aliyekuwa amefanya kazi Japani, alilinganisha nchi hizo mbili na kuandika kuwa tofauti kubwa ilikuwa mwanga wa jua. Wengi hawakumsikiliza.

Ilichukua karibu miaka 30 mingine. Mwaka 1919, mjini Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto wenye matege kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, na mifupa yao ikaanza kupona. Jambo lililowashangaza wenzake ni kwamba akimulika mkono mmoja tu, mkono wa pili nao ulipona. Maana yake ni kwamba ngozi ilikuwa inatengeneza kitu kinachosafiri ndani ya damu. Wakati huohuo jijini London, Edward Mellanby alikuwa akiwafungia mbwa wadogo ndani na kuwalisha uji wa shayiri. Walipata matege, na alipowapa mafuta ya ini la samaki walipona. Mwaka 1922 Mmarekani Elmer McCollum alithibitisha kuwa kilichomo kwenye mafuta yale ni vitamini tofauti na zilizokwishajulikana. A, B na C zilikuwa tayari zimetajwa, hivyo hii ikapewa herufi D.

Njia zilizogunduliwa wakati ule ndizo zilizopo mpaka leo: jua kwenye ngozi, au vitamini yenyewe kupitia mdomoni.

Inafanya kazi gani

Mionzi ya jua ikigusa ngozi hubadili aina fulani ya mafuta yaliyomo humo kuwa vitamini D. Vitamini hiyo huenda kwenye ini, kisha kwenye figo, na huko ndiko inakopata umbo linalofanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuusaidia utumbo kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula. Bila hiyo mtoto anaweza kunywa maziwa na sehemu kubwa ya kalsiamu ikapita tu na kutoka.

Damu haikubali kukaa bila kalsiamu, kwa kuwa moyo na mishipa ya fahamu inaitegemea. Ikikosa kutoka kwenye chakula, inaichukua kwenye mifupa. Kwa mtu mzima mifupa hulainika na kuuma. Kwa mtoto ambaye bado anakua, mfupa mpya hutoka laini, na anapoanza kusimama uzito wake mwenyewe unaupinda.

Dalili zinazoonekana mapema

Wazazi wengi hugundua tatizo mtoto anapotembea, kwa sababu ndipo miguu inapoonekana. Lakini mwili huwa umeanza kutoa ishara kabla ya hapo. Vifundo vya mikono vinavimba na kuwa vinene, kana kwamba mtoto amevaa bangili chini ya ngozi. Utosi unachelewa kufunga. Paji la uso linatokeza. Meno yanachelewa. Kwenye kifua, pale mbavu zinapoungana kwa mbele, mkono unaweza kuhisi vinundu vilivyojipanga kama shanga za tasbihi. Mtoto anakuwa mlegevu, anachelewa kukaa au kutembea, na analia akibebwa kwa sababu mifupa inamuuma. Vichomi vya mara kwa mara navyo huwapata zaidi watoto hawa.

Kwa wachanga upungufu ukiwa mkali, kalsiamu ya damu hushuka ghafla na mtoto akapata degedege. Degedege isiyo na homa ni ya kukimbizwa hospitali wakati huohuo, usiku au mchana. Si ya kufukizwa wala kusubiriwa ipoe.

Hapa ni vizuri mzazi ajue jambo linaloondoa hofu nyingi: si kila mguu uliopinda ni ugonjwa. Karibu watoto wote huzaliwa na miguu iliyojipinda kidogo kwa nje na hubaki hivyo mpaka karibu miaka miwili. Wakifika miaka mitatu au minne, magoti mara nyingi hugeuka na kugusana, kisha miguu hunyooka yenyewe. Cha kumpeleka mtoto kwa daktari ni mguu unaozidi kupinda baada ya miaka miwili, mguu mmoja kupinda kuliko mwingine, au miguu iliyopinda pamoja na dalili zilizotajwa hapo juu. Daktari ataomba picha ya X-ray, mara nyingi ya kifundo cha mkono na goti, pamoja na kipimo cha damu. Kipimo cha vitamini D chenyewe ni ghali na hakipatikani kila mahali, lakini matege hutambulika kwa picha hata pasipo hicho.

Jua la saa ngapi

Ushauri uliozoeleka Afrika Mashariki ni kumwotesha mtoto jua la asubuhi. Bibi huusema, na kliniki huusema. Tatizo ni asubuhi ipi. Wazazi wengi humtoa mtoto saa 1, jua likiwa jekundu na laini, wakamrudisha ndani saa 2 kabla halijakuwa kali. Saa hiyo mtoto anapata mwanga mzuri na hewa safi, lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ni kidogo mno, kwa kuwa jua likiwa chini angani mionzi hiyo humezwa njiani na tabaka la hewa.

Kipimo rahisi ni kivuli. Kivuli chako kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inatengeneza kidogo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, inatengeneza vya kutosha. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kivuli hulingana na urefu wa mtu kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi. Kuanzia saa 3 hivi jua linafaa na bado halijawa la kuunguza kama la saa 6 mchana, ambalo mtoto mchanga hapaswi kukalishwa.

Dakika ngapi? Hakuna idadi moja inayomfaa kila mtu. Utafiti wa Cincinnati, Marekani, uliochapishwa mwaka 1985, ulikadiria kuwa mtoto mchanga wa Kizungu anahitaji nusu saa kwa wiki nzima akiwa amevaa nepi tu, au saa 2 kwa wiki akiwa amevaa nguo bila kofia. Ngozi nyeusi ina rangi nyingi inayokinga mionzi, hivyo inahitaji muda zaidi wa huo, pengine mara kadhaa. Kwa mtoto wa hapa nyumbani, dakika 15 hadi 30 siku nyingi za wiki, mikono na miguu ikiwa wazi na macho yakiwa kivulini, ni lengo la busara. Aliyekwishaanza kutembea ahesabiwe kwa kucheza: akitoka nje na mpira, muda unatimia bila mtu kushika saa.

Kioo ni mtego. Mionzi inayohitajika haipiti kwenye kioo cha kawaida cha dirisha. Mtoto anayelazwa kwenye kochi lenye jua, dirisha likiwa limefungwa, anapata joto tu. Hali ni hiyo hiyo kwenye gari. Mama anayemfunga mtoto kwa kitenge na shali kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akakaa naye barazani nusu saa, naye hajampa kitu.

Na jua la asubuhi lisitumike kama dawa ya manjano ya mtoto mchanga. Macho na ngozi ya kichanga yakigeuka njano, hasa ndani ya siku ya kwanza, au akiwa mlegevu na hanyonyi, apelekwe hospitali.

Wasiotegemea jua

Wapo ambao jua haliwafai au haliwatoshi. Wa kwanza ni watoto wenye ualbino. Ushauri wa kuota jua usiwahusu kamwe, maana ngozi yao huungua haraka na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli kwao. Hao wapewe vitamini D kwa chakula na matone baada ya kuzungumza na daktari.

Wa pili ni wanaonyonya maziwa ya mama pekee. Maziwa ya mama ndiyo chakula bora kwa miezi 6 ya kwanza na hakuna sababu ya kuyaacha, lakini vitamini D yake ni kidogo, kwa kawaida chini ya yuniti 80 kwa lita. Maumbile yalikusudia kichanga akopeshwe akiba na mama tumboni, kisha apate jua. Mama mwenyewe akiwa hana akiba, kwa sababu anashinda ofisini au huvaa mavazi ya kujisitiri mwili mzima kila atokapo, mtoto anazaliwa bila akiba. Kisha katika familia nyingi, za pwani hasa, mama na kichanga hukaa ndani siku 40. Mila hiyo ina faida zake za kumpumzisha mzazi. Ua wa nyuma au kibaraza kilichositirika kinatosha kuwapa jua bila kuivunja.

Watoto waliozaliwa kabla ya wakati nao wana akiba ndogo, na mara nyingi hospitali huwaandikia matone kabla hawajaruhusiwa.

Kuna pia ndugu walioko nje. Muscat na Dubai jua ni kali kupita la kwetu, lakini kwa joto lile familia huishi ndani kwenye viyoyozi. Uingereza ni kinyume: kuanzia Oktoba mpaka mwishoni mwa Machi jua liko chini mno na ngozi haitengenezi kitu hata mtu akishinda bustanini. Serikali ya huko inashauri watoto wanaonyonya wapewe mikrogramu 8.5 hadi 10 kila siku tangu kuzaliwa, na watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 mwaka mzima. Anayetuma picha za mjukuu aliyefungwa masweta kutoka Leicester au Oslo aulizwe kama matone hayo yapo nyumbani.

Kwenye sahani

Vyakula vyenye vitamini D kwa wingi ni vichache. Samaki wenye mafuta wanaongoza: vibua, jodari, dagaa wa kopo. Kiini cha yai kina takriban yuniti 40, na maini yana kiasi. Kijiko cha chai cha mafuta ya ini la samaki, yale ambayo watoto huyakimbia, kina zaidi ya yuniti 400, ambazo ni mahitaji ya siku nzima ya kichanga. Uyoga ukikatwa na kuanikwa juani hutengeneza vitamini D kama ngozi inavyofanya, jambo ambalo wauza mboga wachache wanalijua. Baadhi ya majarini na maziwa ya unga huongezwa vitamini hii. Unga na mafuta ya kula yaliyoongezwa virutubishi hulenga zaidi madini ya chuma na vitamini A, hivyo soma lebo kabla ya kujihesabia.

Kwa mtoto wa Kiafrika, hata hivyo, vitamini D peke yake haimalizi habari. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watoto wenye matege nchini Nigeria, watoto waliokuwa wakicheza juani kila siku. Waliopewa kalsiamu walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D pekee. Walikuwa wameachishwa ziwa wakaingia kwenye uji wa mahindi na vyakula vya wanga, bila maziwa wala samaki. Mtoto wa namna hiyo yuko pia Kigoma, Kisii na Bujumbura.

Wataalamu wa nchi mbalimbali waliokutana na kutoa mwongozo mwaka 2016 walisema mtoto aliyevuka mwaka mmoja anahitaji zaidi ya miligramu 500 za kalsiamu kwa siku, na akipata chini ya 300 anaingia kwenye hatari. Vikombe viwili vya maziwa vinafikisha hapo. Kwa nyumba ambayo maziwa ni ya sikukuu, kuna dagaa wakavu wanaoliwa na mifupa yao, waliosagwa na kuchanganywa kwenye uji au mboga. Ulezi una takriban miligramu 340 katika gramu 100, mbali sana na mahindi, na ukichachushwa au kuoteshwa kimea kabla ya kusagwa mwili huufyonza vizuri zaidi. Ufuta nao ni mzuri.

Matone na hatari ya kuzidisha

Mwongozo huohuo wa 2016 unapendekeza yuniti 400 kwa siku kwa watoto wote wachanga mpaka mwaka mmoja, na 600 baada ya hapo kwa wasiopata za kutosha. Anayekunywa maziwa ya kopo kwa wingi mara nyingi huwa anazipata humo. Kwenye chupa utaona herufi IU kwa yuniti au mcg kwa mikrogramu. Mikrogramu 1 ni yuniti 40, hivyo mcg 10 na IU 400 ni kitu kimoja.

Shida iko kwenye kipimo. Chupa moja ina yuniti 400 katika mililita 1, nyingine ina 400 katika tone 1. Mzazi aliyezoea ya kwanza akinunua ya pili na kujaza bomba lilelile, anamlisha mtoto dozi ya wiki kadhaa kwa mkupuo. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu kosa hili. Jua haliwezi kumzidishia mtoto vitamini D, kwa sababu ngozi huiharibu inayozidi. Vidonge na sindano vinaweza. Vitamini hii hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa muda mrefu, na ikizidi kalsiamu ya damu hupanda: mtoto anatapika, anakosa choo, ana kiu isiyoisha, na figo zinaumia. Mpaka wa juu kwa kichanga cha chini ya miezi 6 ni yuniti 1,000 kwa siku, ukijumlisha kila chanzo. Sindano ya dozi kubwa inayotolewa kwenye duka la dawa kwa kuangalia miguu tu, bila picha wala daktari, ikataliwe.

Mtoto akithibitika kuwa na matege, matibabu si ya ajabu wala si ya bei ya kutisha. Chini ya mwaka mmoja kawaida huwa ni yuniti 2,000 kila siku kwa angalau miezi 3, pamoja na kalsiamu, na wakubwa huongezewa kulingana na umri. Baada ya miezi hiyo X-ray hurudiwa. Mfupa kwenye picha huanza kupona ndani ya wiki, lakini mguu unaoonekana kwa macho huchukua mwaka au miwili kunyooka, na wazazi wengi hukata tamaa katikati wakaacha dawa. Mtoto aliyeanza matibabu mapema kwa kawaida hahitaji upasuaji. Kama miezi 3 imepita na picha haijabadilika, omba rufaa, kwa sababu yapo matege yanayotokana na figo au ya kurithi, na hayo yana dawa nyingine.